Shuka la Sista Amedea na Saa za Warumi

Wiki iliyopita mwalimu wenu mpya wa Kilatini alinifuata nyumbani kwangu Msamala. Kijana mpole, anaitwa Fidelis. Aliniamkia vizuri, akala ndizi alizoandaliwa na mke wangu, kisha akaniomba daftari langu la marudio, maana mtihani umekaribia na ninyi, kwa maneno yake, "bado mnachechemea". Nikampa. Nilidhani atakaa mezani anakili, kama tulivyonakili sisi. Kumbe akatoa simu akaanza kupiga picha ukurasa baada ya ukurasa, na kabla chai haijapoa alikuwa amemaliza miaka thelathini na minne ya kazi yangu.

"Tayari, mwalimu," akasema. "Vijana wameshazipata."

"Kurasa zote?"

"Zote, mwalimu. Hata jalada."

Tangu siku hiyo sijakula chakula kikashuka vizuri, na mke wangu ananiambia nimerudiwa na ugonjwa wangu wa zamani. Ndiyo maana nawaandikia. Ninyi mlio na picha hizo kwenye simu zenu, tafuteni ule ukurasa wenye kichwa "Siku ya Mrumi". Mtaona safu ya majibu manne kwa wino mwekundu: 7, 9, 12, 3. Msiyakariri. Nitawaeleza kwa nini, ila niacheni nianzie mbali kidogo, kwa sababu nikianzia hapo hapo hamtanielewa, na pia kwa sababu naogopa kufika hapo.

Kuogopa ni desturi yangu. Wanafunzi waliniita Mwalimu Timeo. Jina hilo walilitoa kwenye kitenzi cha Kilatini cha kuogopa, na walikinyambua nikipita: timeo, times, timet, naogopa, unaogopa, anaogopa. Nilijifanya sisikii. Moyoni nilifurahi kwamba angalau kitenzi kimoja wamekishika barabara. Na kweli niliogopa. Niliogopa chaki isije ikaisha, niliogopa mgeni asije akaingia darasani kwa ghafla, niliogopa kuulizwa jambo nisilolijua. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote, na ndilo lililoniponza.

Sikusomea ualimu mwanzoni. Nilisomea upadre, nikaacha nikiwa nimebakiza miaka michache, nikamwoa Regina. Watu wa kwetu hawakufurahi. Kitu pekee nilichotoka nacho kule kikiwa kizima kilikuwa Kilatini, na seminari ndogo moja hapa Songea ilikuwa inatafuta mtu wa kukifundisha. Wakaniajiri kwa majaribio. Ninyi mnajua neno majaribio kwenye maabara tu. Likiwa kwenye barua ya ajira, na mke nyumbani ana mimba, lina uzito mwingine kabisa.

Aliyenipokea alikuwa Padre Ladislaus, mlezi wa masomo, Mmatengo wa milimani kule Mbinga, mfupi, mwenye viatu vilivyoraruka na kichwa chenye Kilatini chote. Somo langu la kwanza alikaa nyuma ya darasa. Niliandika ubaoni miisho yote ya nomino za kundi la kwanza, umoja na wingi, nikawakaririsha kwa sauti dakika arobaini. Nilitoka nikijiona mshindi. Padre akanishika mkono pale barazani.

"Mwalimu, umewahi kuona ngolo?"

Nikamwambia nimeziona, yale mashimo ya Wamatengo ya kulimia kwenye miteremko.

"Tunatengenezaje?"

"Mnalaza nyasi kwanza, padre. Halafu mnafunika udongo juu."

"Basi. Nyasi ni maisha ya Warumi, udongo ni sarufi. Wewe leo umemwaga udongo mtupu mlimani. Subiri mvua."

Mvua ilikuja Ijumaa ile ile. Niliwapa jaribio dogo, na yale ya kundi la kwanza yote yalikuwa yameshateremka na maji.

Nikaanza upya kwa njia yake, na njia hiyo ndiyo iliyomo kwenye daftari. Msirudie sarufi kuanzia ukurasa wa kwanza. Kila mtu anajua ukurasa wa kwanza, ndiyo maana kila mtu anapenda kuurudia. Chukueni siku moja ya Mrumi, tangu anaamka hadi anakula chakula cha jioni, na kila anapokwenda okoteni kipande cha sarufi anachokihitaji. Alfajiri watu wadogo wa mji wanakwenda kumwamkia mkubwa wao nyumbani kwake. Ukimwamkia mmoja unasema salve, wakiwa wengi salvete. Hapo mmeshika amri ya umoja na ya wingi bila kulia. Mkubwa anawapa kikapu cha chakula, na yule anayepewa ana mwisho wake wa neno. Watoto wa Kizungu walioandikiwa vitabu vya Kilatini tunavyotumia huelezwa kurasa tatu kwa nini mtu aamke gizani kwenda kumsalimu mtu mwingine. Vijana wangu hawakuhitaji hata sentensi moja. Wamekulia kwenye shikamoo.

Na msiogope vitenzi. Kiswahili kinamtaja mtendaji kichwani mwa kitenzi: ninapenda, unapenda, anapenda. Kilatini kinamtaja mkiani: amo, amas, amat. Ukijua hilo unaanza kusoma neno kutoka nyuma, na nusu ya kazi imekwisha. Vivumishi navyo vinafuata nomino zake kama vyetu. Anayesema mtu mzuri, kitu kizuri, gari zuri tangu akiwa mdogo hawezi kushangazwa na jinsia tatu za Kilatini. Sisi tunazo ngeli zaidi ya hizo na tunauza nazo nyanya sokoni.

Chakula cha jioni ndicho kilichotuletea shida. Warumi wenye uwezo walikula wamejilaza kwenye vitanda, wameegemea kiwiko cha kushoto. Niliwaambia vijana wajaribu, kwa mabenchi ya bwaloni, ili wakumbuke maneno ya mahali: juu ya, chini ya, kando ya. Mmoja akauliza, "Mwalimu, hawa watu walikuwa wanaumwa?" Sahani mbili za maharage zikaenda chini, na mpishi akatufukuza kwa mwiko.

Aliyeuliza hivyo alikuwa Silvanus. Mshikeni jina, kwa sababu habari yote hii ni yake. Alitoka Namasakata, kule Tunduru, kwenye Wakatoliki wachache sana. Baba yake alilima korosho, na majirani zake karibu wote ni Waislamu, ambao walimchangia nauli ya kuja seminari kwa sababu mtoto wa jirani akisoma ni heri ya wote. Alikuwa mwembamba, masikio makubwa, Kiswahili chake kikipita kwanza kwenye Kiyao cha kwao ndipo kije kwetu. Na alikuwa na ugonjwa wa kuuliza. "Mwalimu, naomba kuuliza." Hilo nililisikia mara tano kwa kipindi kimoja. Warumi walivaa nini ndani ya toga, lile vazi lao la kujitanda? Walipiga mswaki? Kama mtumwa anajua Kilatini kuliko bwana wake, nani anamsahihisha mwenzake? Maswali mengine niliyajua. Mengine yalinitoa jasho, nami nikimwona ameinua mkono nilikuwa naangalia dirishani.

Sasa nije kwenye shuka. Siku ya wazazi, kidato cha pili tuliandaa igizo la Siku ya Mrumi. Mimi nilikuwa yule mkubwa wa kuamkiwa. Toga hatukuwa nayo, basi nikaenda kwa Sista Amedea, aliyetunza vyumba vya wageni na mashuka yake, nikaazima shuka moja kubwa, jeupe, lenye mstari wa bluu pembeni. Sista alikuwa mtu wa kuhesabu. Aliniambia, "Linakwenda moja, mwalimu, linarudi moja." Nikaapa.

Toga haina kifungo wala mkanda. Inashikiliwa kwa mkono wa kushoto na kwa utulivu wa moyo, na mimi nilikuwa na mkono tu. Nilipoinuka kuwaitikia vijana salvete, nikanyanyua mikono yote miwili. Shuka likashuka lote hadi vifundoni, mbele ya wazazi, mbele ya mapadre wageni, na mbele ya Padre Gombera, mkuu wa seminari. Nilikuwa na kaptura ya mpira na fulana yenye tundu. Nikajaribu kuondoka kwa heshima, nikalikanyaga, likachanika toka katikati mpaka pembeni, na kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha, nikaliburuta matopeni hadi ofisini. Wazazi walicheka hadi wakafutana machozi.

Padre Gombera hakucheka. Aliniita. "Mwalimu, bado uko kwenye majaribio. Kosa jingine moja tu, mkataba wako unaishia hapo." Shuka lile sikulirudisha. Niliona haya kumwonyesha Sista lilivyokuwa. Nikalikunja nikalipeleka nyumbani, nikiwaza nitanunua jingine mshahara ukitoka. Kila mwisho wa wiki Sista alitangaza bwaloni kwamba kuna shuka moja halijarudi, na vijana wote wa kidato cha pili walitazama sahani zao. Walijua wote. Hakuna aliyeuliza.

Wiki mbili baadaye ukaja mtihani wa kufunga muhula. Pale Kilatini hakikuwa somo la kupamba ratiba. Chini ya alama arobaini, jina lako lilikwenda kwenye baraza la walezi, na mara nyingi ulirudi nyumbani moja kwa moja na sanduku lako la bati. Nilitunga mtihani vizuri, nikaurudufu kwa stensili, wino ukanichafua mpaka kwenye nyusi. Sehemu moja ilihusu saa. Nilitaja saa nne za Kirumi, ya kwanza, ya tatu, ya sita na ya tisa, nikawataka waandike ni saa ngapi kwa hesabu yetu. Majibu niliyanakili kutoka kwenye kitabu cha zamani cha Waingereza: 7, 9, 12, 3.

Nilisahihisha siku mbili mfululizo, Regina akiniletea uji na kuniambia nipumzike. Vijana wengine wote wa darasa lile walizoea vitabu vya Kiingereza, wakaandika 7, 9, 12, 3. Tiki, tiki, tiki, tiki. Kisha karatasi ya Silvanus: saa 1, saa 3, saa 6, saa 9. Nikatazama majibu yangu. Nikatazama karatasi. Nikaweka mikwaju minne ya wino mwekundu. Kila swali lilikuwa na alama mbili. Jumla yake ikawa thelathini na nne, nikaiandika kwenye orodha, orodha ikaenda kwa Padre Gombera siku ya Jumatatu.

Jumanne Silvanus alinisubiri nje ya ofisi ya walimu. Padre Gombera alikuwa hatua chache tu, anazungumza na fundi wa mabati.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba kuuliza."

"Marahaba. Nini tena?"

Akanyoosha karatasi. "Hapa penye saa, mwalimu. Sijaelewa nilipokosea."

Nilimwona Padre Gombera amegeuza kichwa kidogo. Sikuitazama hata ile karatasi. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa fundi, "Jibu ni tisa. Kasome kitabu."

"Ndiyo, mwalimu," akasema, akaikunja karatasi yake, akaondoka.

Kesho yake asubuhi kengele ya chai ikalia. Nikatazama saa ya mkononi, kama ninavyofanya kila siku. Mshale mfupi ulikuwa kwenye tisa. Na mimi, kama mtu yeyote wa Songea, wa Tunduru, wa nchi hii nzima, nikajisemea, saa tatu, chai tayari. Nikiwa na kikombe mkononi nikaganda. Hora tertia, saa ya tatu tangu kupambazuka. Mrumi alianza kuhesabu jua likichomoza, kama bibi yangu. Mzungu ndiye aliyelazimika kugeuza tatu yake ikawa tisa. Sisi hatukuwa na cha kugeuza. Nilikuwa nimeuliza saa yetu, na katika darasa zima mtoto mmoja tu ndiye aliyenijibu saa yetu, naye nimempiga mikwaju minne.

Ninyi mtasema, basi si ungekwenda tu kusema? Rahisi kwenu. Baraza lilikuwa kesho yake mchana. Nilikwenda hadi mlangoni kwa Padre Gombera mara ya kwanza nikasikia anaongea na mgeni, nikarudi. Mara ya pili hakukuwa na mgeni, nikarudi vilevile. Niliandika kijibarua, nikakichana. Nilikuwa nahesabu: Regina ana miezi saba, nyumba ni ya kupanga, kosa jingine moja tu, alisema, moja tu. Nikajidanganya kwamba labda baraza litamhurumia lenyewe, mtoto wa mbali, mwenye adabu.

Barazani Padre Gombera alisoma majina matatu. La mwisho likawa la Silvanus. "Kilatini, thelathini na nne." Akanyanyua uso akanitazama. "Mwalimu, una la kusema?"

Padre Ladislaus naye akanitazama.

"Sina, padre," nikasema.

Ijumaa shule ilifungwa. Wazazi walikuja kuwachukua watoto, na wale watatu walipewa barua zao. Nilisimama nyuma ya dirisha la ofisi nikamwona Silvanus akitoka na baba yake, mzee mrefu aliyevaa koti kuukuu na kubeba mfuko wa korosho aliouleta kwa ajili ya walimu. Aliuacha pale mapokezi hata baada ya kusoma barua. Walipopita getini nikaona sanduku la bati wamelishika wote wawili, mmoja huku, mmoja huku.

Padre Ladislaus alikuja akasimama karibu nami. Alikuwa ameshika ile karatasi ya mtihani, maana karatasi za wanaofukuzwa zilirudishwa kwa mlezi wa masomo. Hakunilaumu. Aliongea kama anafundisha. "Unajua, mwalimu, kule Roma mchana wa kiangazi ni mrefu, wa kipupwe ni mfupi, na wao waliugawa sehemu kumi na mbili hivyo hivyo, saa zikawa zinanyooka na kusinyaa. Hapa kwetu mchana haubadiliki sana. Saa za Kirumi zinatufaa sisi kuliko zilivyowafaa wenyewe." Akaweka karatasi mezani, mikwaju juu. "Baiskeli yangu iko pale nje."

Gari la Tunduru siku zile lilikuwa moja, na barabara ilikuwa vumbi tupu. Nilikanyaga baiskeli hadi stendi nikiwa na suruali ya kazi na wino kwenye vidole, nikiogopa kwamba limeondoka, na katika pembe moja ya moyo, niwaambie ukweli, nikitamani liwe limeondoka. Halikuwa limeondoka. Walikuwa wamekaa juu ya sanduku.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja kutuaga?"

"Nimekuja kusema kwamba mtoto hakukosea. Nimekosea mimi."

Nikaeleza yote, palepale, watu wakipakia magunia. Nilieleza vibaya, nikaanzia katikati, nikataja Waingereza, nikataja jua. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha kidole kwenye saa yangu.

"Sasa hivi saa ngapi, mwalimu?"

"Saa tatu na nusu, mzee."

"Na mtoto aliandika nini?"

Nikamgeukia Silvanus nimwombe radhi. Alikuwa anatazama chini, anachora vumbini kwa kidole cha mguu. Hakulia wala hakukasirika. Alisema tu, "Nilikuuliza, mwalimu."

Vijana, nimesemwa na watu wengi maishani. Mama yangu alinisema nilipoacha upadre, kwa wiki nzima bila kupumzika. Hakuna kilichoniingia kama neno hilo moja na jina la kazi yangu nyuma yake.

Tulirudi kwa miguu, sanduku limefungwa kwenye keria ya baiskeli. Nilikwenda mbele ya Padre Gombera nikasema nilichopaswa kusema Jumatano. Padre Ladislaus alisahihisha ile sehemu upya mbele yetu wote: arobaini na mbili. Silvanus akarudishiwa nafasi yake. Padre Gombera akaniambia, "Mwalimu, jana nilikuuliza." Hakunifukuza. Aliniongezea miezi sita ya majaribio, na nadhani nilistahili zaidi.

Mnaweza kudhani hapo hadithi imekwisha vizuri. Mimi nilidhani hivyo. Muhula mpya ukaanza, Silvanus akakaa pale pale, dawati la pili karibu na mlango. Nikafundisha vita, nikafundisha ndoa za Warumi, nikafundisha jinsi walivyoweka sanamu za nyuso za mababu zao ukumbini, kitu ambacho zamani kingemtoa maswali kumi. Alikuwa ananakili. Nilikuwa nanyamaza makusudi baada ya sentensi, nikimwangalia, nikisubiri ule mkono mwembamba. Haukuinuka. Alifaulu mtihani ule, na wa mwaka uliofuata, na akamaliza kidato cha nne na alama nzuri sana za Kilatini. Katika muda wote huo hakuniuliza swali hata moja. Na wenzake waliona, wakajifunza kwake. Madarasa yaliyofuata yalirithi ukimya huo, na mimi sikujua jinsi ya kuuvunja.

Ndiyo sababu ule ukurasa sikuufuta. Niliacha 7, 9, 12, 3 kwa wino mwekundu ili kila mwaka nikiufungua uniume. Daftari lilikuwa langu peke yangu, sikujua siku moja kutakuwa na simu. Na sasa nawaambia kinachonikosesha raha hasa. Kosa hilo ninalijua kwa sababu mtoto mmoja aliuliza. Je, mengine? Miaka thelathini na minne, kurasa zaidi ya mia mbili, na watoto wenye adabu waliosema ndiyo, mwalimu. Mwalimu Fidelis, wewe ni kijana, una akili. Mtu akigonga mlango wako na karatasi mkononi, weka kalamu chini kwanza, itazame karatasi, hata kama askofu amesimama hapo nje. Ukiwa hujui, sema hujui. Haiui. Mimi nilichelewa kulijua hilo.

Mwaka jana, baada ya kustaafu, mtu alibisha hodi hapa Msamala. Mtu mzima, kitambi kidogo, nywele zimeanza mvi, masikio yale yale. Silvanus ni bwana shamba wa korosho siku hizi, na alikuwa amekuja mjini kwa kazi. Alinibebea mfuko wa korosho kama ule wa baba yake. Baba yake alishafariki. Tuliongea habari za mashamba, za watoto, za Padre Ladislaus tuliyemzika. Nilikuwa na maneno ya kumwambia tangu siku ile ya stendi, nikayazungukazunguka kama kawaida yangu, na saa zikaenda. Akaniaga. Nikamsindikiza hadi mlangoni nikiwa bado na kikombe changu cha chai.

Alivaa viatu, akashika kitasa, akasimama. Akageuka.

"Mwalimu," akasema, "naomba kuuliza."

Nikakiweka kikombe chini, sakafuni, palepale nilipokuwa.

"Uliza, baba."

"Lile shuka la Sista Amedea," akasema, "hivi lilikwenda wapi?"

Nilicheka, halafu nikalia, mbele yake, na sikuona haya. Nikamwita Regina. Regina akaingia chumbani, akatoka nalo, limeshonwa katikati kwa uzi mweupe, mstari wa bluu umepauka. Nikamwambia Silvanus kwamba katika shuka hili alizaliwa na kuviringishwa mtoto wetu wa kwanza miezi miwili baada ya siku ile ya stendi, na wote waliomfuata, na kwamba sikulirudisha kwa sababu niliogopa. Akalishika, akalinyanyua kwenye mwanga wa mlango, akautazama ule mshono.

"Na hapa," akauliza, "palichanikaje hasa? Maana sisi tuliokuwa nyuma hatukuona vizuri."

Akavua viatu, akarudi ndani, akakaa. Nikamjibu swali lile, na lililofuata, na lililofuata.